Bahari Mbili Hukutana Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, natarajia kuzuru Cape Town, nami nimeambiwa kwamba katika Rasi ya Tumaini Jema mtu huiona Bahari ya Hindi ikikutana na Atlantiki. Je, ni kweli?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, rasi hiyo ina majabali ya kupendeza mno, lakini mpaka rasmi wa bahari hizo uko Rasi ya Agulhas, takriban kilomita 150 kusini-mashariki, kwenye ncha ya kusini kabisa ya Afrika, penye mnara wa taa uliowashwa mwaka 1849. Usitarajie kuona mstari majini, kwa kuwa mkondo wa joto wa Agulhas, unaolishwa kwa sehemu na maji yapitayo Mlango wa Msumbiji, hukutana na maji baridi ya Benguela, mkondo wa upande wa Atlantiki, mahali panapobadilika-badilika. Ukiwa na siku moja tu, nakushauri kwa dhati uchague Tumaini Jema, maana Agulhas ni pwani tambarare yenye mawe, na mandhari yake hayalingani na yale ya majabali. Chukua koti, kwani upepo ni mkali hata wakati wa kiangazi, na tafadhali usiwape nyani chakula.