Radi ikipiga gari lako, usikimbilie kushuka

Mama alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. "Tushuke, mwanangu, tushuke!" Nikamshika mkono: "Mama, kaa. Usiguse kitu."

Ilikuwa Novemba, saa kumi jioni, kati ya Muleba na Biharamulo. Mvua ilikuwa ya kufumba macho. Mwanga mweupe, mlio mmoja wa kupasua masikio, na gari likazima. Harufu ya kuungua ikajaa. Mama alitaka tukimbilie chini ya mwembe uliokuwa hatua chache tu kutoka barabarani. Hadi leo nikiukumbuka mwembe ule nasisimka, maana chini ya mti ni moja ya mahali ambapo radi huua watu.

Tangu siku hiyo kila mtu ananiambia tuliokolewa na matairi ya mpira. Hapana. Radi iliyoruka kilomita kadhaa angani haizuiwi na mpira wa sentimita chache, na bodaboda nayo ina matairi ya mpira lakini dereva wake hana kinga yoyote. Kilichotuokoa ni bodi ya chuma. Umeme hupita kwa nje, juu ya bati, ukashuka hadi kwenye rimu na kuingia ardhini. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alilithibitisha hilo mwaka 1836: alijenga chumba akakizungushia waya na karatasi nyembamba za metali, akaingia ndani, chumba kikapigwa umeme mkali kwa nje, naye asidhurike. Bajaji ya turubai haina kinga hiyo, wala aliyepanda nyuma ya pikapu.

Gari lenyewe liliumia. Antena iliungua, paa likabaki na doa jeusi, tairi moja la nyuma likapasuka, na fundi akakuta kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa. Gharama yake niliilipa kwa miezi.

Kwa hiyo ngurumo zikianza, hesabu sekunde kati ya mwanga na sauti. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo zikikaribia, egesha mbali na miti na nguzo, washa taa za hazadi, funga vioo, chomoa simu kwenye chaja, weka mikono mapajani. Usishike redio wala kitasa. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ukiona moshi au moto, hapo shuka. Gari lililopigwa radi halibaki na umeme. Waya wa umeme ulioangukia gari ni jambo jingine kabisa: baki ndani mpaka umeme ukatwe. Moto ukikulazimisha kutoka, ruka miguu ikiwa pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza miguu bila kuinyanyua.

Na ukimkuta aliyepigwa radi, usiogope kumgusa. Mwili wake hauna umeme. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua hapo hapo, wengine watafute gari la hospitali.