Sedani ya kifahari kwa pesa ya mwanafunzi: anzia kwenye injini

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma vizuri. Uko chuoni, una kazi ndogo ya jioni, umejibana ukaweka akiba, na sasa umeona BMW 335i ya 2008 inauzwa bei ileile ya gari dogo la kawaida lililo jipya zaidi. Unataka kujua kama uichukue. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika, wengine wanasema kimbia, wengine wanasema chukua ufurahie ujana. Mimi nilinunua sedani ya Kijerumani ya silinda sita nikiwa bado mwanafunzi, nikasoma nayo hadi nikahitimu, na mpaka leo naiendesha. Gari la namna hiyo linawezekana kwa pesa ya mwanafunzi. Hilo ulilolitaja ndilo sikushauri.

Elewa kwanza kwa nini limeshuka bei. Gari likizeeka bei yake inaporomoka, bei ya spea haiporomoki. Pampu ya mafuta ya gari lililotengenezewa wenye nazo inabaki na bei ya wenye nazo, hata gari likishafika mikononi mwa mwanafunzi. Fundi naye hatakupunguzia kwa sababu gari ni la zamani, maana bolti zilizoshika kutu zinamlia muda mrefu kuliko za gari jipya. Mwenye gari wa kwanza alilihudumia bila shida, wa pili akajitahidi, wa tatu akaanza kuruka sevisi. Ukikuta linauzwa bei ya kutupa, jua kuna matengenezo yaliyoahirishwa miaka kadhaa na anayeuza anataka uyalipe wewe.

Kwa hiyo akiba yako usiihesabu yote kuwa bei ya gari. Mimi niligawa yangu mafungu matatu: mawili yakanunua gari, la tatu likakaa benki likisubiri. Fungu hilo la tatu liliisha lote ndani ya mwaka wa kwanza, kwenye oili, mkanda, plagi, bushi za mbele na matairi, na tangu hapo gari likatulia. Kama theluthi mbili za pesa yako hazilifikii gari unalolitaka, shuka kwa lililo chini yake. Kukopa ili ununue gari la umri huu sikubaliani nako kabisa. Siku kitu kikubwa kikifa utakuwa unalipa mkopo na fundi kwa mshahara mmoja wa jioni, na ndivyo magari mazuri yanavyoishia juu ya mawe.

Sasa injini, na hapa naomba utulie. Watu wengi wananunua nembo na umbo la bodi, injini wanaikuta humo ndani. Wewe anzia kwenye kodi ya injini, yaani herufi na namba ambazo kiwanda kinaitambulishia aina ya injini.

335i ya 2008 ina injini ya kodi N54, silinda sita za mstari mmoja, turbo mbili, nguvu za farasi 306. Ni injini tamu sana, ilipata tuzo ya kimataifa ya injini ya mwaka 2007 na tena 2008, na ilistahili. Lakini maradhi yake yanafahamika: pampu ya petroli ya presha kubwa, nozeli, vali za turbo zinazolegea na kuanza kugongagonga, pampu ya maji ya umeme. Tena petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na kitu na kaboni inaganda juu yake. Ongeza kwamba nyingi zimepandishwa nguvu kwa programu na vijana waliozimiliki, kisha zikarudishwa hali ya kiwandani wiki ya kuuzwa. Gari hilo linamfaa mtu mwenye gari jingine la kumfikisha kazini.

Ndani ya bodi hiyohiyo, ambayo BMW wanaiita E90, kuna N52, ile ya 325i na 330i za mwanzo. Haina turbo, petroli inapigwa kwenye njia ya hewa kabla ya vali, na nguvu zake ni farasi 218 kwenye 325i na 258 kwenye 330i. Utaukosa msukumo wa turbo mgongoni. Usukani ni uleule, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, na sauti ya silinda sita ikipanda inakupa tabasamu kila asubuhi. Ina mambo yake, hasa gasketi zinazovujisha oili na pampu ya maji ya umeme inayochoka, lakini yote yanatabirika na unaweza kuyapangia pesa.

Usiishie kusoma "325i" mgongoni mwa gari. Kuanzia 2007, katika masoko mengi ya Ulaya, namba hiyohiyo ilianza kuwekewa N53, yenye nozeli za presha kubwa za gharama na sensa ya gesi ya ekzosi inayosumbua. Magari mawili yenye maandishi yaleyale nyuma, moja linauacha mfuko salama na jingine linaukausha. Tafuta kodi ya injini kwa namba ya chasisi kabla hujaenda kuliona.

Nje ya BMW, ningekupeleka kwa Lexus IS 350 ya kizazi cha 2005 hadi 2013. Injini yake, 2GR-FSE, ina nozeli za aina mbili, zile za ndani ya silinda na zile za kwenye njia ya hewa, kwa hiyo vali zinaoshwa na kaboni haileti tabu. IS 250 ni ya bei nafuu zaidi lakini 4GR-FSE yake inapiga ndani ya silinda tu, na kaboni ndiyo lalamiko lake kubwa. Hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye Toyota Mark X ya lita 2.5, kwa wanaoifikiria. Lexus haitakupa usukani wa E90, ila kama gari hili ndilo litakalokufikisha kwenye mtihani, mimi ningekubali kubadilishana.

Mercedes C ya kizazi cha W204 ni nzuri kukaa ndani na bodi yake ni imara. Ya silinda nne yenye M271 isikilize cheni ya taimingi, huwa inarefuka. Ya V6 yenye M272 ya mwanzo ina gia ya shafti ya kusawazisha inayolika, na kuitengeneza ni kushusha injini, kwa hiyo linganisha namba ya injini kabla ya chochote. Zipo pia zinazokufa kitasa cha umeme cha usukani: unaingiza ufunguo, hakuna kinachowaka. Kwa Audi A4 ya kizazi cha B8, zile 2.0 TFSI za mwanzo zinakula oili kupita kiasi kwa sababu ya ringi za pistoni, na S4 ya vizazi vya kabla yake, yenye V8 ya lita 4.2, ina cheni za taimingi nyuma ya injini, mahali pasipofikika bila kuitoa. BMW M3 ya V8 na Mercedes C63 hata usiende kuzitazama kwa sasa. Zinapendeza mno, na kwenye ile V8 ya M3 beringi za konrodi peke yake ni kazi inayoweza kumeza akiba yako yote.

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, uliza kwa nini, na kama jibu halikuridhishi rudi siku nyingine. Injini ya baridi ndiyo inayosema ukweli. Liwashe ukiwa umesimama nje na kichwa chako karibu na injini, mtu mwingine ageuze ufunguo. Mchakacho wa sekunde mbili tatu unaopotea mara nyingi ni cheni au kikaza cheni. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu ya utamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, na hapo unaaga kwa heshima.

Kisha chukua tochi. Kwenye gari langu, fundi niliyekwenda naye alipitisha kidole chini ya nyumba ya filta ya oili, kikatoka cheusi na chenye mchanga. Muuzaji alisema ni jasho la kawaida. Fundi akamwonyesha mkanda wa mbele ulio chini yake kidogo, namna ukingo wake ulivyokuwa umelowa. Oili ikiendelea kudondokea mkanda, mkanda unavimba, unachanika, na vipande vyake vinaweza kuvutwa ndani ya injini kupitia sili ya krenki. Gasketi ya pesa kidogo inaua injini nzima. Tulizungumza bei palepale, ikashuka zaidi ya gharama ya kazi yote, nikalinunua. Gasketi ya zamani tulipoitoa ilikuwa imekauka, nilipoipinda ikakatika kama biskuti.

Kodi za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari zisome mwenyewe au na fundi wako, usitegemee karatasi ya muuzaji. Na usifurahi kukuta hakuna kodi. Kompyuta ya gari inajipima yenyewe kwa vipimo kadhaa kila kodi zinapofutwa, na vinahitaji safari kadhaa ili vikamilike. Ukikuta vingi havijakamilika, kuna mtu kafuta kodi juzi au asubuhi hii. Kilomita nazo hazikai kwenye dashibodi peke yake: magari mengi ya aina hii yanaziandika pia kwenye moduli nyingine, na kifaa kizuri kinazisoma zote. Zikipishana, mazungumzo yameisha.

Matairi yatazame kwa makini, yanamsema mwenye gari. Tarakimu nne za mwisho wa kodi ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi manne ya kampuni moja na ya umri mmoja ni dalili ya mtu asiyebania gari lake. Manne tofauti, kila moja la bei ya chini kuliko jirani yake, yanakueleza na oili ya giaboksi ilivyotunzwa.

Giaboksi yenyewe ijaribu ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto. Toka D uingie R, sikiliza kama inagonga. Utaambiwa oili yake ni ya maisha na haibadilishwi. ZF, wanaotengeneza giaboksi ya gia sita iliyomo kwenye E90 nyingi, wao wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Risiti ya kazi hiyo ikiwepo kwenye faili, hapo una mwenye gari aliyekuwa anasoma. Mimi faili la risiti nalithamini kuliko kilomita chache. Gari la kilomita 190,000 lenye karatasi za kila kitu nalichukua mbele ya la 110,000 lisilo na historia.

Namba ya chasisi iangalie pia kwa mikoba ya hewa (airbag) iliyotengenezwa na kampuni ya Takata. BMW, Mercedes na Audi nyingi za miaka hiyo ziliitwa kurudi kubadilishiwa bure, kwa kuwa kilipuzi cha mkoba kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Kazi hiyo kama haijafanyika, ifanyike kabla hujaliendesha. Hili usilifanyie mzaha.

Bima uliza kabla ya kununua, kwa namba kamili ya gari na umri wako. Dereva kijana na injini kubwa ni mchanganyiko ambao bima inautoza sana, na wapo walioshindwa hapo gari likiwa tayari uani. Petroli iwe ya oktani 95 kwenda juu, ihesabu hivyo.

Mwisho, mikono yako. Mwanafunzi anayemlipa fundi kwa kila kitu halimudu gari hili. Anayejifunza kubadilisha oili, plagi, koili, padi za breki na gasketi ya kava ya vali analimudu. Mimi na mwanachuo mwenzangu tulichanga tukanunua jeki nzuri, stendi zake na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na hiyo spana ndiyo muhimu kuliko zote: N52 ina bolti za alumini za kutumika mara moja tu, ukizirudisha au ukizikaza kwa hisia zinakatikia ndani. Ukibadilisha betri ya E90 lazima isajiliwe kwenye kompyuta, la sivyo inachajiwa kama ile kuukuu. E90 nyingi hazina kijiti cha oili, kipimo unakisoma kwenye dashibodi injini ikishapata moto, basi jizoeze kukiangalia kila unapojaza petroli.

Hiyo 335i iache. Tafuta 325i au 330i yenye N52, au IS 350, uwe tayari kusubiri miezi. Ukipata moja, weka hapa mwaka, kodi ya injini, picha ya chini ya nyumba ya filta na picha za risiti, ila zifiche jina na namba za mwenye gari. Nitaliangalia kabla hujatoa hata shilingi.