Mgeni wa mlangoni na kitabu cha risiti: jibu kwa ndugu aliyehamia Lamu

Ndugu yangu uliyetoka Mombasa ukapanga mtaa wa Langoni, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema haipiti wiki hujabishiwa hodi na mtu mwenye kitabu cha risiti: leo madrasa, kesho mayatima, keshokutwa mgonjwa wa kupelekwa India. Simu nazo hazikomi, za mikopo, za bima, za "umeshinda". Ukitoa unaumia, ukikataa unaona haya, na mama mkwe anakwambia mtu hafukuzwi mlangoni. Mimi nimezaliwa mtaa wa Mkomani, hapa hapa Lamu, na mpaka leo naishi na mama yangu katika nyumba ileile, na hayo yote yametupitia. Nitakueleza tulipoteleza na tunavyofanya sasa.

Kwanza watenganishe watu wawili. Kuna muombaji, na kuna mkusanyaji. Muombaji anaomba kwa ajili ya tumbo lake. Huyo mpe ulichonacho, sarafu, sahani ya wali, na kama huna mwambie neno zuri aende. Qur'ani imetukataza kumkaripia mwenye kuomba, na mimi simuulizi karatasi mtu mwenye njaa. Mkusanyaji ni mwingine kabisa. Yeye anaomba kwa jina la watu wasiokuwepo hapo mlangoni, na pesa unayompa si yake, ni amana. Mtu wa amana kumuuliza maswali si ukosefu wa adabu. Unawatetea wale mayatima anaowataja.

Hilo tulijifunza kwa machungu, Ramadhani ya mwaka 2022. Walikuja vijana wawili baada ya Alasiri, kanzu safi, kofia za vito, maneno matamu. Walikuwa na picha iliyofunikwa plastiki ya msikiti uliojengwa nusu, wakasema ni kijiji kimoja upande wa Witu na kilichobaki ni paa tu. Mama alitoa shilingi 2,000, pesa aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya nguo za Idi za wajukuu. Akaandikiwa risiti, akaombewa dua ndefu, akalia.

Usiku jirani yetu wa nyumba ya pili alikuja kwa tarawehe ya nyumbani, wakaanza kuzungumza na mama habari za wale vijana. Naye alitoa. Nikaomba risiti zote mbili nikaziweka chini ya taa. Ya mama namba 047. Ya jirani namba 047. Mwandiko mmoja, wino mmoja. Nikakumbuka kwamba yule kijana alipoandika hakuweka karatasi ya kaboni, kwa hiyo hata nakala ya kubaki kitabuni haikuwepo. Kisha nikaikumbuka ile picha: nyuma ya msikiti palikuwa na mlima wa mawe, mrefu. Nimekwenda Witu mara nyingi kwa shangazi yangu. Kule ni tambarare. Shangazi aliulizia msikiti huo, hakuna aliyeujua.

Kilichoniuma si zile elfu mbili. Mama alikaa mwezi mzima hampi mtu kitu. Aliyekuja na shida ya kweli alikuta mlango umefungwa kwa sababu ya wale wawili.

Basi nikamwendea mwalimu wangu wa chuo cha Qur'ani, nikamuuliza: kumrudisha mtu mlangoni ni dhambi? Akanisomea Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28. Usiingie nyumba ya watu mpaka upewe ruhusa na uwasalimie wenyewe, na ukiambiwa rudi, basi rudi, hivyo ni usafi zaidi kwako. Nilikuwa nimeisoma tangu utotoni nikidhani inazungumza na anayebisha hodi peke yake. Kumbe inampa haki mwenye nyumba pia. Haki ya kusema "rudi" ipo, na mgeni ameamrishwa aikubali bila kinyongo.

Na tazama nyumba zetu za mawe zilivyojengwa. Mbele kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na baraza zake mbili, ndani yake tekani, ukumbi wa pili, na njia imepindishwa ili aliye nje asione ndani. Wazee walitaka mgeni akirimiwe pale nje, apate pa kukaa na maji ya kunywa, bila nyumba kuwa wazi kwa kila mpita njia. Kwa hiyo sasa mkusanyaji namkaribisha barazani. Anapewa maji, anasikilizwa mpaka mwisho. Kisha namwambia hivi: "Nimekusikia, ndugu yangu. Nyumba hii hatutoi mlangoni. Niachie jina la kijiji, jina la imamu na namba yake, tuulize, na tukiridhika tutapeleka wenyewe."

Maneno hayo yashike kama yalivyo. Usiseme "sina", kwa maana ni uongo na yeye atarudi kesho. Usiseme "labda". Na akianza kukutisha kwa kiama au kukuambia wajenzi wanasubiri jioni hii hii, ujue umeshapata jibu lako.

Mkweli haudhiki. Mwaka uliofuata alikuja mzee mmoja kutoka kisiwa cha Pate, anachangisha ukarabati wa jabia la maji ya mvua la kijiji chao, lilikuwa limepasuka. Nilimwambia maneno yaleyale. Akatoa kalamu mwenyewe, akaandika jina la imamu na la mzee wa kijiji, akanywa maji, akaaga. Imamu alipokea simu siku hiyohiyo, akanieleza ufa ulipo na fundi anahitaji nini. Tukanunua mifuko minne ya saruji, tukaipakia kwenye boti pale gatini. Hakuna pesa taslimu iliyoshikwa na mtu. Baada ya wiki tatu yule mzee alikuja tena Lamu kwa shughuli zake, akapita kwetu kusema jabia limeshika maji.

Usione vibaya kumuuliza mkusanyaji analipwa nini. Katika Sura ya At-Tawba, aya ya 60, wanaoitumikia zaka wametajwa miongoni mwa wale wanane wanaostahili kupewa, kwa hiyo ujira si aibu. Aibu ni kuuficha. Mimi huuliza wazi: katika kila shilingi mia, ngapi zinafika? Halafu kuna sheria. Kenya ina sheria ya michango ya hadhara, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya, na anayechangisha umma kwa kawaida anatakiwa awe na leseni. Iombe, uisome. Akikwambia utume kwa namba yake binafsi badala ya akaunti ya taasisi, acha.

Simu ni nyepesi zaidi, maana haina uso. Mama alipigiwa na kijana anayemwita kwa majina yake matatu, akasema kamtumia 3,500 kwa makosa, tafadhali mama nirudishie, nina mgonjwa. Na ujumbe kweli ulikuwa umeingia. Niliutazama: umetoka kwa namba ya kawaida, ilhali ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA. Salio halikuwa limeongezeka hata senti. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kuangalia salio kwanza, kujibu baadaye. Na hata kama mtu kakosea kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie atume ujumbe wake kwa 456 aombe pesa irudishwe. Safaricom wamesema wao hupigia wateja kwa 0722 000 000 tu, na namba ya tapeli unaituma kwa 333, bila malipo. Namba ya siri hakuna wa kuambiwa, hata mtoto wako.

Hao wa bima na mikopo nawauliza swali moja: namba yangu umeipata wapi? Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa kutangaziwa biashara. Waambie wakufute, andika tarehe, na wakiendelea peleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Wengi hukata simu kwenye lile swali la kwanza.

Sasa mama mkwe. Usishindane naye, mpe nafasi. Sisi tuliweka mkebe wa sarafu kwenye kidaka cha karibu na mlango, wa waombaji, na funguo za sadaka hiyo ni za mama. Michango mikubwa tunaitengea shilingi 1,000 kila mwezi na tunaamua pamoja. Siku hizi mama ndiye anayewahoji wakusanyaji. Wiki iliyopita nilimsikia barazani: "Ndoo (njoo), mwanangu, keti. Kijiji chenu boti yashukia wapi? Msikiti hufunguliwa na nani alfajiri?" Kijana alijibu yote bila kusita. Mama akaniletea karatasi yenye namba ya imamu. Nimepiga mara mbili hajapokea, nitampigia tena leo baada ya Isha.