Jibu: Utafiti wa mkonge niuweke wapi?

Dada, hofu yako kwamba hazina huria ya mtandaoni inaweza kuuzwa, na utafiti wako wa mkonge wa Muheza ukiwa humo, ina msingi. SSRN, hazina ya mtandaoni ya makala za utafiti, ilinunuliwa na Elsevier, kampuni ya kuchapisha majarida ya kitaaluma, mwaka 2016. Kabla ya kupakia, angalia nani anaimiliki na nani anailipia, kisha soma sera yao: ikifungwa, faili zinahamia wapi? Wasiposema, mimi nisingewaamini. Zenodo, hazina huria ya utafiti, inaendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu 2013. Ukipakia unapewa DOI, yaani namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi yako mtandaoni, na ukirekebisha jedwali, toleo la zamani linabaki na namba yake, hivyo msomaji wa Tanga au Ujerumani anaona kilichobadilika. Nakala nyingine wape maktaba ya chuo chako, tafadhali. Usiiache kwenye flashi peke yake.