Makosa ya faili la zoni yanayokaa kimya

Usiku mmoja nilihamishia tovuti ya mteja kwenye seva mpya. Nilifungua faili la zoni (faili la DNS linaloeleza majina ya tovuti yanaelekea seva ipi), nikabadilisha mstari mmoja tu, nikaongeza siriali, yaani namba ya toleo la faili, nikalipitisha faili kwenye named-checkzone, programu ya kulikagua. Ikajibu OK. Nikapakia zoni upya, nikaenda kulala. Asubuhi simu haikupoa: example.com (jina la mteja naliacha) inafunguka vizuri, ila ukitanguliza www haifunguki.

Saa mbili nzima nilihangaika kusafisha kache: ya kompyuta, ya kivinjari, hadi ya ruta. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mstari ule ule nilioushika:

www   IN   CNAME   wavuti.example.net

CNAME ni rekodi inayosema jina moja ni lakabu la jina jingine, na hapa mwishoni hakuna nukta. Jina lisilofungwa kwa nukta, seva hulihesabu kuwa halijakamilika na kulibandika jina la zoni. Basi wageni wote wa www walikuwa wanaelekezwa kwa wavuti.example.net.example.com, jina ambalo halipo. Na named-checkzone haikunidanganya. Mstari ule umeandikwa kwa kanuni zote, na yenyewe haikagui kama jina ambalo CNAME inalielekea lipo au halipo.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu wanaoanza kazi hii: kosa linalopiga kelele lisikutishe. Mabano ya SOA (rekodi ya mwanzo wa zoni, inayobeba siriali) yasiyofungwa, alama ya reli (#) iliyowekwa mahali pa nuktamkato (;) kuanzisha maelezo, CNAME iliyokaa jina moja na rekodi nyingine, hayo yote yataandikwa kwenye logi. Anza na ujumbe wa kwanza, kwa kuwa inayofuata mara nyingi ni watoto wake, na ukitajiwa namba ya mstari, angalia pia mistari iliyo juu yake. Ila usikimbilie kuwasha upya BIND, programu ya seva ya DNS. Ukipakia zoni kwa rndc reload na faili likawa bovu, seva huendelea kujibu kwa data ya zamani iliyo nayo. Ukiizima na kuiwasha, data hiyo imeondoka, na kila anayeuliza anapewa SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kujibu.

Kwa makosa ya kimya, silaha yangu ni hii:

named-checkzone -D example.com db.example.com

Inakutolea zoni nzima kama seva inavyoielewa, kila jina likiwa kamili. Majina yaliyojirudia mkia yanajitokeza yenyewe. Inaumbua pia nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Mstari unaoanza na nafasi hurithi jina la rekodi iliyo juu yake, kwa hiyo ukichomeka rekodi mpya katikati, ile ya chini yake inahamia kwa jina hilo jipya bila wewe kuigusa. Nimewahi kuona rekodi ya MX, inayoelekeza barua pepe, ikihamia kwa jina la printa namna hiyo. Tangu hapo naandika jina kwenye kila mstari, hata likijirudia mara kumi.

Rekodi za TXT, zinazobeba maandishi, nazo zina mitego yake. DMARC, rekodi ya kuzuia barua pepe za kughushi, ina nuktamkato ndani yake. Usipoifunga kwa alama za kunukuu, yote yanayofuata yanageuka maelezo na kutupwa. Ufunguo wa DKIM (wa kuthibitisha saini za barua pepe) wa biti 2048 unapita herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja, hivyo ugawe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu.

Halafu siriali. Watu wakikwambia tovuti ni mpya kwa huyu na ya zamani kwa yule, ziulize seva zote mbili, ya kwanza na ya pili inayonakili zoni kutoka kwake, moja kwa moja kwa dig, programu ya kuuliza DNS:

dig @ns1.example.com example.com SOA +short
dig @ns2.example.com example.com SOA +short

Zikitofautiana, huenda ulisahau kuongeza namba, na seva ya pili haichukui zoni isipoona siriali kubwa kuliko yake. Siriali mara nyingi huandikwa kwa mwaka, mwezi, siku na namba ya toleo; kibaya zaidi ni kukosea mwaka, ukaandika 2052031501 badala ya 2025031501. Kuirudisha nyuma hivi hivi hakusaidii, seva ya pili itaipuuza. Ongeza 2147483647 kwenye namba iliyokosewa, upate 4199515148, upakie, usubiri seva zote za pili zishike namba hiyo. Kisha andika 2025031601. Siriali ni namba ya biti 32 inayozunguka kama saa, kwa hiyo kutoka pale seva huiona kuwa imekwenda mbele. Hatua ya kusubiri usiiruke.

Ukishasahihisha, usipime kwa kivinjari. Elekeza dig kwa seva yako yenyewe. Wakati www ilipokuwa haifunguki, jibu la “halipo” nalo huhifadhiwa kwenye kache za wengine, kwa muda usiozidi namba ya mwisho ya SOA. Kwenye zoni ya mteja wangu namba hiyo ilikuwa sekunde 86400, siku nzima. Nukta niliiweka saa nne asubuhi, lakini waliojaribu kuingia alfajiri waliendelea kunipigia hadi jioni. Siku hizi naweka 300.