Kijana ametimiza miaka 18, baba kaacha kutuma pesa

Dada yangu wa Arua, pole. Umesema baba mtoto alikata pesa ya matunzo siku kijana alipofikisha miaka 18, na chuo kinamsubiri. Kisheria baba huyo ana pa kuegemea: Sheria ya Watoto ya Uganda inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18. Kwa hiyo kabla hujamaliza nauli kwenda mahakamani, mkalishe na wazee wa ukoo, umwekee barua ya chuo mkononi aone karo mwenyewe.

Kijana naye aombe mkopo wa serikali wa kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu, ulioanzishwa kwa sheria ya 2014. Ila mkopo huo hulipa karo na ada za chuo, haulipi chumba wala chakula. Hapo ndipo wengi wetu tulinaswa. Wangu alifika Kampala na godoro, sufuria moja na hela ya wiki mbili! Ikawa kila mwezi tunamtumia unga wa muhogo na samaki wakavu kwa basi. Anza akiba ya chumba sasa, hata kwenye kikundi chenu cha akina mama. Na fomu aijaze mwenyewe, maana deni litasomeka jina lake.