Vifungo vya sare za kijeshi: maswali yenu wiki hii

Nimeokota kifungo cha shaba shambani karibu na kilima cha Salaita. Kina simba na farasi mwenye pembe moja. Ni cha Wajerumani? (Taveta)

Ni cha Waingereza. Hiyo ni nembo yao ya kifalme. Tangu 1871 ndiyo iliyovaliwa na askari wa kawaida wa vikosi vingi, kwa hiyo haikuambii mwenyewe alikuwa wa kikosi gani. Kinachokupa umri ni taji lililo juu yake. Kiinamishe kwenye mwanga wa tochi unaotoka ubavuni. Matao ya taji yakipanda na kuviringana kama kuba, ni la enzi ya wafalme, 1901 hadi 1952. Yakibonyea katikati, mara nyingi ni la Malkia Elizabeth II, na hapo huenda si cha Vita Kuu ya Kwanza. Pale Salaita Waingereza na Wajerumani walipigana tarehe 12 Februari 1916, basi taji la kuba ndilo la kutafuta. Ukiona risasi au kombora karibu, usiguse, ita polisi.

Nyuma kumeandikwa "Smith & Wright, Birmingham". Ndiye askari mwenyewe? (Morogoro)

Hao ni watengenezaji. Andika kila herufi unayoisoma, pamoja na anwani, kwani kampuni hizi zilibadilisha majina na kuhama, na mabadiliko hayo husaidia kukisia miaka.

Cha Mjerumani nitakitambuaje? (Tabora)

Vifungo vya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, vina taji la kaisari, bila simba wala farasi. Jeshi hilo lilikuwepo huku kuanzia 1891 hadi liliposalimu amri Novemba 1918.

Shikamoo. Marehemu babu alikuwa Keya, akaniachia kifungo chenye herufi KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza). Nikisugue king'ae kabla ya kukitia kwenye fremu? (Nakuru)

Marahaba, mwanangu. Nakusihi usikisugue! Dawa ya kung'arishia shaba hula herufi na kuondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa juu, na ikishatoka hairudi. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kihifadhi pakavu. Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukiufuta, shaba inaliwa na chumvi. Wapelekee wataalamu wa makumbusho. KAR iliundwa 1902 ikadumu hadi miaka ya uhuru, kwa hiyo kifungo peke yake kinakuachia miongo sita. Tafuta cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, ukiweke pamoja nacho. Namba yake ya jeshi na batalioni aliyotumikia huwa vimeandikwa humo.